Dawa ya Akili Inapoushika Mwili

Mwaka mmoja, Ramadhani ikiwa kumi la kati, binti wa Ujiji alimleta mama yake kliniki. Homa hakuwa nayo, usingizi alikuwa anapata, na zile sauti zilizokuwa zikimtukana zamani zilikwisha nyamaza. Shida ilikuwa majirani. Walimwona amekaa barazani mchana kweupe, mdomo unakwenda: anatafuna, anajilamba midomo, ulimi unachungulia nje na kurudi kama wa mjusi. Watoto wa mtaa wakaanza kumwita kobe.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha bila kuulizwa akafunua kinywa chote nikitazame. Kilikuwa kikavu, hakina hata punje.

"Mwanangu, wallahi nimefunga," akasema. "Huu mdomo ndio haujui kama nimefunga."

Mimi ni nesi wa afya ya akili hapa Kigoma (huku kila mwenye koti jeupe huitwa dokta, nimeshaacha kubisha), na sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Mama yule alikuwa amechomwa ile tunayoiita sindano ya mwezi kwa miaka 11. Sindano ilimrudishia akili yake. Kisha, polepole, ikamwachia mdomo usiomtii.

Mitaani shida za namna hii zote hutiwa kapu moja: "dawa zimemzidi nguvu." Ukweli ni kwamba ndani ya kapu hilo mna mambo matano tofauti, na ubaya wake ni kwamba kinachotibu moja kinaweza kulichochea jingine. Ukitaka kuyatenganisha, anza na swali ambalo ndugu wengi huja kliniki bila jibu lake: hali hii ilianza lini, na dawa ilianza lini?

Kwanza, kwa nini dawa ya kichwa iende kukamata shingo na miguu. Dawa tunazompa mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeamini kijiji kizima kimepanga kumuua, ni kama haloperidoli, klorpromazini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, na flufenazini ya sindano, maarufu kama Modecate. Kuna na za baadaye, kama risperidoni na olanzapini. Zote zinaziba vipokezi vya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Katika eneo moja la ubongo, dopamini ndiyo inayoliambia jambo "wewe una maana, wewe zingatiwa". Ikizidi hapo, hata kikohozi cha jirani kinakuwa ujumbe wa siri. Lakini katika eneo jingine, kemikali hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo: kuanza hatua, kuikatisha, kutuliza msuli usiohitajika. Na kwingine inazuia maziwa yasitoke, ndiyo maana wapo wanawake wanaokuja wakinong'ona kwamba maziwa yanawatoka na mtoto hakuna.

Waliokulia karibu na Kibirizi au Katonga watanielewa nikisema ni wavu wa dagaa. Macho ya wavu ni madogo kwa sababu dagaa ni mdogo, ila ukishavutwa unapanda na vichanga vya migebuka ambavyo hakuna aliyevitaka. Dawa inaenda kuzivua sauti, inarudi na sauti pamoja na mwendo wa mtu.

Picha za ubongo zimeonyesha jambo ambalo ningependa kila mwandika dawa alikumbuke. Sauti huanza kutulia pale kiasi cha asilimia 65 ya vipokezi vinapozibwa. Ikifika karibu asilimia 80, mwili unaanza kukakamaa. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, na kwa haloperidoli inavukwa kwa miligramu chache tu. Hayo hayakujulikana mwanzoni. Klorpromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, Paris, mikononi mwa Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958 kutoka maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji. Katika miaka ile walikuwepo madaktari walioamini kwamba mgonjwa kukakamaa kidogo ndio ushahidi kuwa dozi imefika. Imani hiyo bado haijaisha. Nimeisikia hata kwa ndugu wa wagonjwa: "Hii imemwingia, si unaona alivyopoa?"

Basi turudi kwenye lile swali la lini.

Kama ni saa au siku chache tu tangu dawa ianze, fikiria distonia, yaani msuli kujikaza wenyewe na kugoma kuachia. Kijana wa miaka kama 19 alianza vidonge vya haloperidoli Jumatatu. Jumatano jioni shingo ilipinda ikaelekea bega, taya likakaza, macho yakapanda juu na kugandia kwenye dari. Ulimi ulikuwa umejaa kinywani kiasi kwamba maneno yalitoka kama ya mlevi, na hata hivyo fahamu alikuwa nazo zote. Wazee wa nyumba tangu mwanzo walisema ni majini. Sasa jini si limejionyesha lenyewe?

Akasomewa, akafukizwa ubani, akaletewa kombe, yale maji ya aya za Kurani, anywe. Sina ugomvi na kisomo. Nimeona watu wakitulizwa nacho na mimi mwenyewe ninacho nyumbani. Ugomvi wangu ni na kombe saa ile. Mtu ambaye taya na koo vimekaza ukimmiminia maji kinywani unaweza kumpalia, na mara chache distonia hushika koromeo lenyewe, pumzi ikaziba. Walipofika kwetu alichomwa prometazini kwenye msuli. Ndani ya nusu saa shingo ilirudi katikati, macho yakashuka, akaomba chai. Mjomba wake akanivuta pembeni.

"Dokta, ile ndiyo sindano ya kufukuza jini?"

"Hapana mzee. Ile tunampa hata mwenye mzio."

Alinitazama kama mtu aliyepunjwa.

Kwa nini sindano ya mzio? Katika lile eneo la mwendo, dopamini imekaa kwenye mizani na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini. Ukiiziba dopamini, upande wa pili unazama. Prometazini inapunguza uzito wa upande huo wa pili, kama inavyofanya triheksifenidili, ile iitwayo Artane. Kwa kuwa haloperidoli inabaki mwilini baada ya sindano ya nafuu kuisha, kijana alipewa Artane ya siku kadhaa, na dozi yake ikatazamwa upya. Karibu visa tisa katika kila kumi vya distonia hii hutokea ndani ya siku 5 za kwanza, na vijana wa kiume ndio hushikwa zaidi. Nisipitwe na hili: mshikwaji si lazima awe mgonjwa wa akili. Metoklopramidi, ile Plasil wanayochomwa wenye kutapika, nayo inaziba dopamini. Binti aliyechomwa Plasil asubuhi akapinda shingo jioni hajapata wazimu, wala pepopunda, wala degedege la ukubwani. Muulize amechomwa nini.

Distonia inatisha kuitazama lakini inatibika haraka. Inayonikosesha usingizi ni ile ya pili, kwa sababu hii inajificha ndani ya nguo za ugonjwa wenyewe.

Mvuvi mmoja wa dagaa, wiki ya pili ya matibabu, alirudishwa nchi kavu na wenzake. Walisema usiku chomboni hakai. Anasimama, anahamia upande huu, anarudi ule, chombo kinayumba, taa zinayumba. Nyumbani alikuwa akizunguka ua hadi alfajiri. Dada yake alisema kwa uchungu, "Kichaa kimerudi." Nikamtazama: kweli hatulii, jasho linamtoka, uso umekunjamana. Nikaandika kwenye faili kwamba ametibuka. Dozi ikaongezwa maradufu.

Siku tatu baadaye alirudi akiwa hali mbaya kuliko mwanzo, na safari hii alijieleza mwenyewe kabla dada yake hajafungua kinywa. "Mimi nataka kukaa. Nataka kabisa. Miguu ndiyo haitaki." Akiwa amesimama mbele ya meza yangu alikuwa akihamisha uzito, mguu huu, mguu ule, kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Nilijisikia vibaya sana. Kosa lilikuwa langu, nami ndiye niliyelipigia mhuri.

Hali hii inaitwa akathisia, neno la Kigiriki lenye maana ya kutoweza kukaa. Ladislav Haškovec, daktari wa Prague, aliipa jina mwaka 1901, nusu karne kabla ya dawa hizi kuwepo, maana yapo magonjwa mengine yanayoweza kuileta. Ila leo, mgonjwa akianza kuzungukazunguka ndani ya siku au wiki chache tangu dawa ianze au iongezwe, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ndani ya mwili inakuwa kama wadudu wanatembea mifupani, na kutembea ndio nafuu pekee, nayo ya dakika chache.

Tazama mtego ulivyo. Mgonjwa anahangaika, ndugu wanasema ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa. Dozi ikiongezwa, akathisia inaongezeka. Inaongezwa tena. Mwisho wake mgonjwa anatupa vidonge chooni na kuapa hatakanyaga kliniki, kisha sisi tunasema "hawa watu hawataki dawa." Wengine huona bora wafe. Hilo nalisema wazi kwa sababu ndugu wanapaswa kulijua: mtu aliyeanza dawa hizi karibuni, akawa hatulii, halali, na anatamka kwamba amechoka kuishi, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri tarehe ya kliniki.

Kuipambanua na ugonjwa hakuhitaji mashine. Mwambie akae, umtazame miguu dakika mbili. Kisha muulize: unazunguka kwa sababu gani? Aliyetibuka atakupa sababu iliyo nje yake. Anafuatwa, anaitwa, ana kazi ya kuokoa dunia kabla ya magharibi. Mwenye akathisia sababu yake iko kwenye miguu. Tiba ni kushusha dozi au kubadili dawa, na mara nyingi propranololi, ile ile ya moyo na presha, ambayo mwenye pumu hapewi. Artane hapa haisaidii sana. Yule mvuvi dozi yake ilishushwa, akapewa propranololi. Baada ya wiki mbili alikaa kwenye benchi la kliniki akisubiri zamu yake, na mimi niliyemwona amekaa ndiye niliyesimama.

Ya tatu naipitia haraka, si kwa udogo wake, ila kwa sababu wengi wameshaiona. Ndani ya wiki hadi miezi mitatu hivi, mgonjwa anakuwa kama mzee mwenye ugonjwa wa Pakinsoni: hatua fupi za kuburuza, mikono haipungi akitembea, vidole vinatetemeka, uso haucheki hata mkichekesha, udenda unalowesha mto. Hii ndiyo "kupoa" wanakokusifia. Mke anasema mume wake amekuwa mvivu. Mwalimu anasema mwanafunzi amekuwa zezeta. Dozi ikishushwa mgonjwa hurudi katika hali yake ya kawaida, na Artane inaweza kusaidia kwa muda. Shika hilo neno, kwa muda. Nitalirudia.

Ya nne ni adimu, ila inaua, na katika mkoa wenye malaria kama wetu ina pazuri pa kujificha. Mgonjwa anayetumia dawa hizi anapata homa kali, mwili mzima unakuwa mgumu kama gogo, anachanganyikiwa, jasho linamwagika, presha na mapigo ya moyo yanapanda na kushuka. Kila mtu, nikiwemo mimi siku nikiwa nimechoka, atasema malaria imepanda kichwani. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, na homa ya uti wa mgongo itafutwe. Lakini hata malaria ikionekana, mkono ule unyanyue uukunje. Ukikataa kukunjika kama bomba la chuma, dawa hizi za akili zinasimamishwa hapo hapo na mgonjwa anapelekwa hospitali kubwa akiwa na orodha ya kila alichomeza na kuchomwa. Na kama anatoka vijiji vya mwambao wa kaskazini, Mwamgongo au Kagunga, hatua hiyo ni boti, tena usiku, kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema.

Imebaki ya mama yetu wa Ujiji.

Hii inaitwa diskinesia ya kuchelewa, na jina limebeba siri yake. Haiji siku ya tatu wala wiki ya tatu. Huja baada ya miezi, kwa kawaida miaka. Maelezo yanayotolewa zaidi ni haya: vipokezi vilivyozibwa muda mrefu huanza kuongezeka na kuwa wepesi wa kushtuka. Mtu aliyefungwa kitambaa masikioni miaka mingi hujifunza kusikiliza kwa nguvu. Mnong'ono kwake unakuwa kelele. Dopamini kidogo inayopenya inapokelewa kama amri kubwa, mdomo unatafuna, ulimi unatoka, mabega yanapandishwa, vidole vinapiga kinanda kisichokuwepo. Usingizini vyote hutulia. Kwa dawa za kizazi cha kwanza, kama haloperidoli na Modecate, katika kila watu wazima 100 wanaozitumia, karibu 5 huipata kwa kila mwaka unaopita. Kwa wazee idadi ni kubwa zaidi, na wanawake wazee hasa. Dawa za kizazi cha pili zinapunguza hatari hiyo, haziifuti.

Hapa ndipo ile mizani inapogeuka. Katika distonia dopamini ilikuwa imekosekana, tukapunguza upande wa pili kwa Artane. Katika diskinesia ya kuchelewa mwili unaipokea dopamini kwa pupa. Ukiongeza Artane unazidisha mdomo kucheza. Nilipofunua faili la mama nikakuta Artane imeandikwa tangu mwezi wa kwanza, kwa mtetemo wa wakati ule, na kila aliyefuata akanakili kutoka ukurasa uliotangulia. Miaka 11 ya kunakili. Ilikuwa inamkausha kinywa, inamfunga choo, inamsahaulisha majina ya wajukuu, na huenda ilikuwa inaukoleza ule mdomo.

"Basi sindano tuiache," alisema binti. Ni wazo la kila mtu, na ni mtego wa pili. Ukiikatisha ghafla, vile vipokezi vyenye kushtuka vinafunguliwa vyote kwa mpigo, na mdomo kwa wiki kadhaa unaweza kwenda kasi kuliko mwanzo. Mbaya zaidi ni sauti. Kabla ya kuanza sindano, mama huyu alikutwa alfajiri moja amesimama ziwani, maji yamefika kifuani, kwa sababu kulikuwa na anayemwita kutoka ng'ambo. Nilimkumbusha binti. Alinyamaza; mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika khanga ufukweni asubuhi ile.

Kwa hiyo tulitembea katikati. Artane ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, kwani nayo haikatwi kwa panga. Daktari akaanza kushusha sindano kwa kurefusha siku kati ya moja na nyingine, na mpango wa kuhamia dawa yenye hatari ndogo ukaandikwa. Klozapini ndiyo inayosifika zaidi kwa watu wa aina hii, lakini inadai damu ipimwe mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe, na mtu asiye na nauli ya kuja kliniki hana nauli ya kuja maabara. Marekani iliidhinisha mwaka 2017 dawa mbili mahsusi kwa diskinesia hii, valbenazini na deutetrabenazini. Mimi sijawahi kuzishika mkononi.

Nilimwambia mama ukweli: huenda mdomo ukapungua, huenda usiache kabisa. Wanaogunduliwa mapema wana nafasi nzuri zaidi, na yeye hakugunduliwa mapema. Hilo si kosa lake.

Kisha nikamfundisha binti namna ya kukagua, kwa kuwa yeye yuko naye kila siku na mimi namwona mara moja kwa mwezi. Kipimo chenyewe kipo tangu mwaka 1976, hakihitaji umeme, kinahitaji kiti kisicho na mikono na kama dakika kumi. Mwambie mama atoe chochote kilicho kinywani. Akae, mikono magotini, umtazame tu. Afunue kinywa, utazame ulimi ukiwa umelala ndani. Halafu ndiyo ujanja wenyewe: mwambie aguse kidole gumba kwa kila kidole, haraka haraka, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Akili ikiwa kwenye vidole, ulimi unajisahau na kutoka. Hesabu mara ngapi kwa dakika, andika na tarehe.

Alinunua daftari dogo pale sokoni Mwanga. Mwezi uliofuata alilileta, kila wiki na mstari wake, kwa mwandiko wa kujitahidi: ulimi mara tisa, ulimi mara kumi na moja, ulimi mara nane. Mstari mmoja tu haukuwa na namba. Ulikuwa wa Idi mosi, na uliandikwa hivi: "Hesabu imeshindikana. Mama amekaa barazani anakula pilau."